Risasi Iliyochelewa Kuamka

Wapo watu ambao wakimwona ng'ombe mnono husimama njiani wakamtazama mpaka mwenye ng'ombe akaingiwa na wasiwasi. Mzee Nathan wa Busi alikuwa hivyo kwa bunduki za zamani. Si kwamba alizipenda. Neno kupenda angelikataa, tena kwa ukali, maana alishaiona kazi ya bunduki na akawazika waliofanyiwa kazi hiyo. Alizistahi tu. Akikutana na gobori la mlinda shamba, bomba la maji lililofungwa kwa waya kwenye kipande cha mti, alivua kofia kwanza, ndipo akauliza kama limejazwa.

Vijana walimcheka. "Mzee, hiyo ni bunduki, siyo padri!"

"Padri nikimkosea atanisamehe," alijibu Mzee Nathan, kisha akairudisha kofia kichwani na kwenda zake.

Alizaliwa Farkwa, kwa Wasandawe, watu wa upinde. Baba yake aliwinda kwa mishale maisha yake yote na alikuwa na maneno machache sana kuhusu bunduki: inapiga kelele, inafukuza wanyama, na mwenye nayo hajui kunyata. Kijana Nathan aliyaamini maneno hayo mpaka alipoingia Keya, jeshi la Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru, na kukabidhiwa bunduki ya Kiingereza iitwayo Mark Four. Kitako chake kilikuwa cha mti mzito uliosuguliwa na viganja vya watu asiowajua. Alilala chini, akalenga kibao kilichokuwa mbali, akafyatua. Bega lilimuuma siku kadhaa, lakini bega alilisahau. Kilichomkaa ni lile tundu. Alipofuatana na wenzake kwenda kukitazama kibao, akaliona tundu dogo safi katikati, akaligusa kwa kidole, na nywele zikamsimama. Mshale unauona ukienda, unaweza hata kujuta ukiwa bado njiani. Risasi hakuiona ikienda. Aliona tu kwamba ilikwishafika.

Tangu siku hiyo hakupata kuizoea bunduki, na huo ndio uliokuwa utaalamu wake. Wenzake waliizoea, wakaiegemea kama jembe, wakaitania. Wengine iliwarudi. Yeye alivaa sare ya Keya, Uhuru ukaja, akavaa ya jeshi letu wenyewe, akajifunza bunduki za Kichina, SAR na SMG, akazifungua na kuzifunga gizani kwa vidole tu. Vita vya Kagera vilipoanza alitembea na kikosi chake kutoka mtoni mpaka kaskazini ya mbali ya Uganda, nchi ambayo hata majina ya vijiji vyake hakuweza kuyatamka. Alirudi mzima. Jambo hilo nalo lilimstaajabisha kuliko alivyoweza kueleza. Asubuhi nyingine, akiwa amekaa nje anasubiri uji, alijitazama mikono kama mtu aliyeazimwa kitu cha thamani akasahauliwa kudaiwa.

Alistaafu akiwa sajini, akahamia Busi kwa wakwe zake, ambako mkewe Klara alikuwa na shamba la urithi. Akalima uwele na alizeti, akatundika mizinga ya nyuki. Miaka ya tisini ilipoingia, na kila kitu kikaanza kununulika gulioni, kuanzia redio mpaka makoti ya mitumba yenye harufu ya nchi za watu, serikali ya kijiji ilimwomba afundishe mgambo. Alikubali kabla hawajamaliza kuomba.

Bunduki hazikuwapo. Mgambo wa kijijini hufundishwa kwa bunduki za mti, na Mzee Nathan alizichonga mwenyewe kwa mninga, kila moja ikiwa na kitako, mtutu na ukanda wa kamba ya katani. Ole wake kuruta aliyeiangusha! Alitambaa kwa viwiko kuzunguka uwanja mzima huku wenzake wakiimba. Usiku kila kuruta aliilaza yake pembeni kama mtoto mchanga. Na kwa kuwa mti haulii, wakati wa kujifunza kulenga kuruta ndiye aliyelia badala yake. Mkufunzi akisema "Piga!", wote waliolala chini walipaza sauti: "Pa!" Kisha kila mmoja aliinuka, bunduki kiunoni, akamgeukia mkufunzi na kutamka, "Tayari, afande!" Ndivyo ilivyofanywa Busi, na ndivyo ilivyofanywa vijiji vya jirani. Akina mama waliokuwa wakienda gulioni walisimama kwenye uzio wakicheka mpaka machozi. Watu wazima, ndevu hizo, wanalia pa!

Mwaka huo, kati ya makuruta, alikuwapo mwanamke mmoja wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mkimya, mwenye kukaza meno. Jina lake Editha. Alikuwa binti wa kwanza wa Mzee Nathan.

Editha alikuwa na kazi nzuri Dodoma, kwenye ghala la shirika la umma. Shirika likauzwa, wamiliki wapya wakaja, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akawa miongoni mwao. Mumewe alikwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani na mpaka leo anayatafuta. Basi akarudi kwa wazazi na watoto wawili na masanduku. Hakulia mbele ya mtu. Alisikia kwamba kampuni moja ya ulinzi imefunguliwa mjini na inaajiri hata wanawake kulinda maduka ya Majengo, lakini wanataka cheti cha mgambo. Akajiandikisha. Na cheti hakitoki bila shabaha, yaani kupiga risasi za kweli, jambo lililofanyika siku moja tu kwa mwaka, wilaya ilipoleta silaha. Ukiikosa siku hiyo, au ukashindwa kumaliza risasi zako, unasubiri mwaka mwingine. Editha hakuwa na mwaka mwingine. Watoto wake walikuwa wakikua, na shamba la Klara halikuongezeka ukubwa.

Klara hakulipenda jambo hilo hata kidogo.

"Baba Editha," alisema siku moja akisonga ugali, bila kugeuka, "ulivyorudi kutoka vitani niliwasha mshumaa kanisani. Leo unamfundisha mwanangu kukishika kile kitu?"

"Namfundisha kukiogopa, Mama Editha."

"Kukiogopa nilimfundisha mimi, tena bure."

Mzee alikula, akashukuru kwa chakula, akaenda kutazama mizinga yake.

Uwanjani hakukuwa na baba wala binti. Editha alimwita afande kama wengine, naye alimwita kuruta. Alipoiangusha bunduki ya mti alimtambaza kama wengine, na pengine kidogo zaidi, watu wasije wakasema. Jioni, nyumbani, viwiko vimechubuka, Editha alimwandalia baba yake maji ya kuoga na kusema, "Shikamoo baba," naye akaitika, "Marahaba mama," na hakuna aliyetaja mambo ya mchana. Klara aliwatazama wote wawili akatikisa kichwa.

Siku ya shabaha ilifika baada ya mavuno. Luteni Mustapha, ofisa wa mgambo kutoka wilayani, kijana mpole mwenye miwani, alikuja na Land Rover yenye masanduku ya mbao nyuma. Mahali palipochaguliwa ni korongo moja kubwa nje ya kijiji, lile lililochimbwa na mvua za miaka mingi mpaka likawa na ukuta wa udongo mwekundu mrefu kuliko kanisa. Vibao vilisimamishwa mbele ya ukuta huo. Risasi ikikosa kibao ingezikwa ardhini bila kumdhuru mtu.

Mzee Nathan alitegemea kuona SAR. Luteni alipofungua sanduku la kwanza, mzee alisogea, akachungulia, na polepole akavua kofia.

Zilikuwa Mark Four.

Zililala bega kwa bega katika mafuta, na harufu ya mafuta hayo ilimpanda puani ikamrudisha ujana wake wote kwa mara moja: mabweni, viatu, uji wa asubuhi, Waingereza wekundu wakipiga kelele. Aliinua moja. Ilikuwa na uzito uleule. Akaifuta kwa kitambaa pale kwenye shingo ya chuma, na mwaka ukatokea: 1943. Mtu fulani, pengine amekwisha kufa, alichonga msalaba mdogo kwenye kitako kwa ncha ya kisu. Mzee alikumbuka alivyoambiwa na sajini mmoja wa Kiingereza kwamba wakati wa vita kuu bunduki hizi zilitengenezwa na wanawake, wanaume wakiwa mstari wa mbele. Wanawake wa nchi ya baridi, wamefunga vitambaa kichwani, wanakereza chuma ambacho siku moja kitafika kwenye korongo la Busi. Usione vyaelea, vimeundwa, alijisemea, na moyo wake ukajaa kitu ambacho hakikuwa furaha wala huzuni.

"Ndizo tulizopewa, mzee," alisema Luteni Mustapha, kama anayeomba radhi. "Zile nyingine zina kazi."

"Na risasi?"

Luteni alimpa pakiti. Mzee alitoa moja, akaigeuza, akasoma kitako chake. Nayo ilikuwa ya wakati uleule wa vita. Aliishika kwa vidole viwili tu. Baruti iliyokuwamo ilikaa gizani miaka hamsini. Tawala zilikuja zikaondoka, watu walizaliwa wakaoa wakazeeka, na yenyewe ilikuwa palepale, haijasahau kazi yake.

"Hii ni mkubwa wako, afande. Ingejua kusalimiwa ungeipa shikamoo."

Luteni alicheka. "Zitalia lakini?"

"Nyingi zitalia," alisema Mzee Nathan, na jibu lake mwenyewe halikumpendeza.

Kwa hiyo aliwakusanya makuruta akawaambia tena jambo alilowaambia mara nyingi. Risasi ya zamani huweza kugoma. Unafyatua, unasikia chuma kikigonga, halafu kimya. Usidhani imekufa. Huenda imelala tu, na usingizi wake ni mfupi. Usiifungue bunduki, usiinuke, usigeuke. Mtutu mbele, subiri amri. Wote waliitika "Ndiyo, afande!" kwa sauti moja, na Editha miongoni mwao. Walilielewa kabisa. Lakini walilielewa kwa masikio, kwa sababu bunduki ya mti haijapata kugoma tangu dunia iumbwe.

Wakaanza kupiga, mmoja mmoja. Sauti ya kwanza ilipopasuka korongoni, waliokuwa juu ya kingo wakitazama walirudi nyuma wote pamoja, na mtoto mmoja akaanza kulia. Hakuna aliyecheka. Makuruta waliomaliza waliinuka wakiwa wamebadilika nyuso, wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu waliotoka msibani. Mzee Nathan aliwatazama kwa kuridhika. Hofu imewaingia, alifikiri. Sasa ndiyo askari.

Ikafika zamu ya Editha. Alilala, akakibana kitako begani, akavuta pumzi. Risasi za mwanzo zililia vizuri, na Luteni Mustapha, aliyekuwa akitazama kwa darubini, akasema, "Huyu anajua kulenga." Mzee alisimama wima zaidi kuliko ilivyohitajika.

Editha alikoki tena. Akalenga. Akafyatua.

Kilisikika chuma kikigonga chuma, basi.

Na Editha, mwili wake ukiwa umelifanya jambo hilo miezi mingi juu ya mti usiolia, alipaza sauti: "Pa!"

Mtu mmoja juu ya kingo alipasua kicheko, na makuruta wakadakia. Editha alikwishaanza kuinuka. Bunduki ikashuka kiunoni, na akaanza kumgeukia mkufunzi, kama alivyofundishwa, kama alivyofanya vizuri kuliko wote, mdomo umefunguka tayari kusema "Tayari, afande." Mtutu uliuacha ukuta wa udongo, ukapita kwenye kichaka, ukaja taratibu kuelekea kwenye mstari wa makuruta waliokuwa wakisubiri zamu, vijana waliokuwa bado wanacheka.

Mzee Nathan aliliona lote. Kooni mwake lilipanda neno, nalo lilikuwa "Mwanangu!" Lilifika mpaka kwenye meno. Na hapohapo alijua kwamba akilitoa, Editha atageuka kabisa, kwa sababu hakuna mtoto asiyemgeukia baba yake anapoitwa kwa sauti ile. Akalimeza.

"Kuruta! Mtutu mbele! Lala!"

Hakuwahi kutoa amri kwa ukali kama huo, hata Kagera. Mwili wa Editha uliitii kabla kichwa chake hakijaelewa. Alizunguka akaanguka kifudifudi, mtutu ukaelekea ukutani, na kabla kifua chake hakijatulia ardhini bunduki ililia yenyewe, bila kidole cha mtu.

Ukuta mwekundu ulimeguka, udongo ukamwagika kwa muda mrefu.

Kitako kilikuwa kimempiga Editha kwenye mfupa wa bega. Hakupiga kelele. Alilala hivyohivyo, uso wake mwekundu kwa vumbi, akitazama mbele pale ambapo udongo ulikuwa bado unadondoka.

Mzee Nathan alisimama alipokuwa. Alikuwa ameona mizinga ya vita ikiteketeza vijiji, lakini jambo hili lilimwingia mahali ambapo vita haikupata kufika. Mtu fulani alikijaza kile kipande cha shaba kwa ajili ya vita iliyokwisha, kimpige adui aliyekwishasahauliwa. Vita ikaisha bila kukihitaji. Kikavuka bahari, kikalala katika maghala, kikangoja, na baada ya miaka hamsini kikaamka Busi, mikononi mwa mwanawe. Angewezaje kumweleza Klara jambo kama hilo? Aliogopa, tena aliogopa sana, na ndani ya hofu hiyo mlikuwa na mshangao mkubwa uliomfanya atake kupiga magoti.

Luteni Mustapha alikuja akikimbia, miwani mkononi. "Tusimamishe, mzee. Tusimamishe shabaha."

"Waliomaliza wamemaliza?"

"Wao watapata vyeti. Waliobaki watasubiri mwakani." Alimtazama Editha, akajua alichosema, akainamisha uso. "Wewe ndiye mkufunzi. Ukisema ni salama kuendelea, nitaendelea. Ukisema hapana, hakuna atakayekulaumu."

Editha alikuwa bado chini. Alizungumza bila kugeuza kichwa hata kidogo.

"Afande. Nina risasi zilizobaki."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini wahenga hawakusema mzazi afanye nini akiwa pia ndiye mwenye amri. Mzee Nathan alitaka kumnyanyua mwanawe kutoka chini, ampangushe vumbi, ampeleke nyumbani kwa mama yake. Alitaka hivyo kwa nguvu iliyomuuma kifuani. Na aliona wazi kwamba kati ya watu wote waliokuwa korongoni, ni mmoja tu aliyejua sasa, kwa mwili na kwa mifupa, kwamba risasi haifi. Huyo hatainuka tena kabla ya wakati, maisha yake yote.

"Endelea, kuruta," alisema. "Ikigoma, subiri amri yangu."

Kisha akafanya jambo ambalo lingemtambaza kuruta yeyote mpaka jua lizame. Alivipa vibao mgongo. Aligeuka akatazama upande wa pili, kwenye mabua makavu ya uwele yaliyobaki shambani mwa mtu, na hakuona hata bua moja. Alisikia bolti, komeo la bunduki, ikirudishwa. Alisikia kimya cha kulenga, akabana taya. Bunduki ikalia. Bolti tena, kimya tena, ikalia tena. Kila ilipolia, ilikuwa kama mtu amemtua mzigo na papo hapo kumtwika mwingine. Hatimaye Luteni akatangaza kuwa amemaliza na amefaulu, tena kwa alama nzuri. Wenzake Editha walimpigia makofi, makofi ya heshima, si ya shangwe.

Sheria ya shabaha ni kwamba hakuna bunduki inayoondoka kwenye mstari kabla ya kukaguliwa. Macho peke yake hayatoshi. Mkaguzi huingiza kidole chake mwenyewe ndani ya chuma, mahali risasi inapokaa, mpaka ngozi yake imhakikishie kwamba hamna kitu. Kazi hiyo ilikuwa ya Mzee Nathan. Aligeuka, akaenda kwa binti yake, aliyekuwa amesimama sasa, bolti wazi, mtutu mbele, macho mbele.

Akanyanyua kidole. Kikagonga pembeni. Akajaribu tena, kikateleza kwenye mafuta kikagonga upande mwingine. Mkono uliokagua bunduki za kombania nzima, usiku, mvuani, huku adui yuko ng'ambo ya mto, ulikuwa ukitetemeka kama wa mwenye homa, na hakukuwa na namna ya kuuficha.

Kuruta haruhusiwi kumgusa mkufunzi akiwa kwenye mstari. Editha, macho yake yakiwa bado kwenye ukuta mwekundu, alitoa mkono mmoja akamshika baba yake kifundo cha mkono, akakiongoza kidole taratibu mpaka ndani. Palikuwa patupu, na chuma kilikuwa bado cha moto. Mzee Nathan alikiacha kidole humo kwa muda mrefu kuliko sheria inavyotaka.